Wimbo Uishe Kwanza

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni kwa mjane wa fundi redio, mkono uko juu, bado sijapiga hodi. Kuna msomaji kaniandikia akiuliza, mwanamke mtu mzima kama mimi naogopaje kikongwe wa miaka themanini. Sikuwa namwogopa yeye. Nilikuwa naogopa kabati lake.

Kwa mgeni aliyeingia leo nitasema kwa kifupi, wenyeji mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, na ni katibu wa chama cha tamasha cha mtaa wetu. Chama kilianzishwa na watu wanne wenye kinanda kimoja kibovu, ndani ya ghala la mbao, enzi ambazo kila msikilizaji alikuja na kiti chake kichwani. Hakuna aliyewahi kulipwa. Mwalimu anafundisha kwaya, mkunga anapanga viti, mimi nashona majoho na mapazia, ndiyo maana wananiita Mama Pazia. Mwaka huu tunatimiza miaka hamsini, na Mwenyekiti akanipa kazi ya kuandika historia yetu.

Historia hiyo ina mwaka wa kumi na tisa. Alasiri moja ya mwaka huo, mdogo wake Mwenyekiti, msichana wa miaka ishirini, alikufa kwa pumu mle ukumbini kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndiyo ilikuwa sheria: wimbo ukianza bawabu anafunga, ufunguo anauvaa shingoni, na yeyote akitaka kupita, awe anaingia au anatoka, jibu ni moja tu, "Wimbo uishe kwanza." Mtaa mzima unajua bawabu wa siku ile alikuwa seremala tuliyempa jina la Komeo. Daftari la zamu linasema hivyo.

Daftari linadanganya. Bawabu wa siku ile nilikuwa mimi.

Wakati huo tuliojua tulikuwa watatu: mimi, Komeo na Mungu. Ndivyo nilivyoamini mpaka Mwenyekiti alipotangaza kwamba siku ya maadhimisho tutapiga wimbo mmoja wa kila mwaka kutoka kwenye kanda za marehemu fundi redio. Hapo ndipo nilipokumbuka kinasa sauti chake kilikuwa kinaning'inia wapi. Kilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, juu ya pazia la mlango, kwa sababu fundi aliamini muziki hujaa nyuma. Na nyuma ya pazia lile ndipo anaposimama bawabu.

Sasa ongezeni na hili. Mwenyekiti ni mkwe wangu. Mwanangu wa pekee kamwoa binti yake wa pekee, tuna mjukuu mmoja kati yetu, na huyo binti amepewa jina la mama yake mdogo, yule aliyekufa mlangoni kwangu. Nalitaja jina hilo kila siku nikiomba maji ya kunywa.

Haya. Tuingie ndani.

"Mbona unasimama hapo kama mtu wa kusoma mita?" sauti ya mjane ilinifikia kabla sijabisha. "Ingia, Mama Pazia. Nilijua utakuja."

"Umejuaje, mama?"

"Mwenyekiti alinipigia simu. Kwani kuna njia nyingine ya kujua?"

Nikacheka kidogo, nikakaa. Kabati lilikuwa mbele yangu, milango wazi. Kanda zimepangwa kwenye makopo madogo ya biskuti, kila mwaka na kopo lake, kila kopo limefungwa uzi.

"Marehemu alikuwa na sheria moja," akasema, akivuta redio kaseti karibu na goti lake. "Kanda haitoki humu bila kuonjwa. Dakika moja moja. Alikuwa anasema hakuna aibu kama kumpigia mtu kanda mbele ya watu, ikatoa mlio wa bata."

Tukaonja. Mwaka wa kwanza, kinanda kibovu na kikohozi cha watu. Mwaka wa pili, mvua juu ya bati kuliko kwaya. Mwaka wa tano nikamsikia mwanzilishi wetu mmoja akiwaomba watu wasigombanie viti. Bibi yule alikuwa anatabasamu kwa kila sauti, anataja mtu na kazi yake na alivyokufa. Mimi nilikuwa nahesabu makopo.

Mwaka wa kumi na nane. Kisha akachukua kopo lililofuata, akalipapasa, akaliweka pembeni.

"Hili hatuonji."

"Kwa nini?"

Akanipa nisome mwenyewe. Juu ya kanda kulikuwa na karatasi iliyogeuka rangi, na mwandiko wa fundi kwa wino mwekundu: ISIPIGWE MPAKA MWENYEWE ASEME.

"Mwenyewe ndiye nani?" nikauliza. Sauti ilinitoka vizuri tu, namshukuru aliyeniumba na koo gumu.

"Ndilo nililokuwa namuuliza miaka yote. Ananijibu, 'Anajijua.'" Akakunja mikono mapajani. "Nilimsikia akiisikiliza mara moja tu, chumbani, mlango kaufunga. Akatoka kimya. Baadaye tuko tunakula akaniambia, ajabu mke wangu, Komeo kwenye kanda ana sauti ya mwanamke."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

"Labda kanda ilichoka," nikasema. "Kanda ikichoka sauti hubadilika."

"Kanda ikichoka sauti inakuwa nzito, mwanangu. Miaka arobaini nimelala na fundi redio."

Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo kwenye bati, taratibu, kama hana haraka na siku yake.

"Basi nipe mimi," nikasema. "Mimi ndiye katibu. Nitamtafuta mwenyewe."

Alinitazama kwa muda. Macho yake yana mtoto wa jicho, sijui hata aliona nini. Kisha akatoa daftari, akanionyesha pa kuandika jina, tarehe na mwaka wa kanda ninayochukua. Nikatia sahihi. Miaka thelathini na moja, hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yangu ya kwanza mbele ya mwaka wa kumi na tisa.

"Ukimpata," akaniambia mlangoni, "mwambie mume wangu alimsubiri mpaka amekufa."

Nilifika nyumbani saa tano asubuhi, nikawasha pasi ya mkaa.

Sitaki mnihurumie, na najua hamtanihurumia. Mkaa uliposhika, nikaifungua ile kanda kwa mkasi wa kukatia vitambaa, nikauvuta utepe wake mapajani. Ni mwingi kuliko unavyodhani. Nikaukunja kama ninavyokunja uzi uliofumuka, nikafungua kifuniko cha pasi, nikaanza kuulisha mkaa kidogo kidogo.

Nilipokuwa naulisha nilikuwa nasema na nafsi yangu, na nilichosema ni kile kile ninachosema kila mwaka: lilikuwa jino tu.

Ndiyo, jino. Siku ile Komeo hakuwa na siri wala hawara. Aliamka na jino, akaniomba nimshikie zamu akaling'oe. Kwa kanuni zetu jina likishaandikwa kwa wino halifutwi ila na mwenye jina, kwa sahihi yake, na mtu mwenye jino hakumbuki daftari. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nikafurahi hata, maana nyuma ya pazia kuna kigoda, ningepumzisha miguu. Waliobaki walidhani niko chumba cha majoho kama kawaida yangu.

Msichana alikuja wimbo uko katikati. Alisema, "Dada, nifungulie, nataka hewa." Nikamjibu kama tulivyofundishwa kujibu. Akaniomba tena, nikaweka kidole mdomoni. Akakaa chini, akaegemea ukuta, nikadhani katulia. Mwenyezi Mungu shahidi wangu, nilidhani katulia.

Makofi yalipopigwa nikamgusa bega, akaanguka upande. Nikafungua mlango nipige kelele, nikakutana na Komeo anaingia, shavu limevimba, mdomo umejaa pamba. Akaona, akaelewa. Akanivua ufunguo shingoni, akanionyesha kwa mkono nikimbie nikamwite mkunga kule mbele. Niliporudi watu wamemzunguka Komeo. Wanamuuliza kwa nini hakufungua, na yeye ana pamba mdomoni.

Kesho yake alinifuata kwangu. Aliniambia, "Wakikuanza wewe na hali hiyo, utampoteza huyo mtoto. Nyamaza mpaka ujifungue. Ukishajifungua utasema."

Nikajifungua. Nikasema aache kwanza kunyonya. Akaacha. Nikasema aanze shule. Akaanza, akamaliza, akaenda kumpenda binti ya nani? Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu. Komeo, aliyetengeneza viti vyote mia mbili vya ukumbi ule kwa mikono yake bila kudai chochote, alifutwa uanachama kwa kura. Nilinyoosha mkono na mimi. Mkewe alienda kwao na watoto, hakurudi. Hakuna aliyemwagiza tena kitanda wala kabati, maana nani alale juu ya kitanda cha mtu yule. Siku hizi anachonga mipini ya majembe.

Na kwenye historia niliyokuwa naandika, mwaka wa kumi na tisa una sentensi moja, mwandiko wangu mwenyewe: "Mwaka huo chama kilipatwa na msiba kutokana na uzembe wa bawabu."

"Mama, ni harufu gani hiyo?"

Nikaruka. Mkamwana wangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Kifungo," nikasema. "Nimeunguza kifungo cha watu."

"Kifungo kimoja ndiyo kinukie hivi?" Akafungua dirisha. "Mama mzazi amenituma. Anasema kesho saa tisa mkutane ukumbini, mkajaribu redio na vipaza sauti. Na Mama, umesikia? Anamtafuta yule mzee Komeo."

"Anamtafutia nini?"

"Anataka kumsamehe. Mbele ya watu wote, siku ya maadhimisho. Anasema kachoka kuchukia." Akamshusha mtoto, akamweka kwenye mkeka miguuni pangu. "Mimi nimelia, Mama. Nimebeba jina la mtu ambaye nyumbani hatajwi bila mlango kubamizwa. Labda sasa nitalibeba kwa amani."

Mjukuu wangu akatambaa, akaokota kipande cha utepe kilichoanguka, akakitia mdomoni. Nikamnyang'anya haraka kuliko ilivyohitajika, akalia.

Kesho yake saa tisa kasoro nilikuwa ukumbini na makopo yangu kwenye kikapu kikubwa cha majoho. Makopo arobaini na nane, niliyoyafuata kwa mjane asubuhi tukamaliza kuyaonja. Kopo la mwaka huu bado halipo, la kumi na tisa ndiyo hivyo.

Ukumbi ule mchana hauna mahali pa kujificha. Pazia la mlangoni Mwenyekiti aliliondoa siku ile ile aliyochaguliwa, na sheria ya kufunga akaifuta siku hiyo hiyo. Ufunguo aliutundika nyumbani kwake, kwenye msumari, juu ya picha ya mdogo wake. Sasa mlango ni mlango tu, mbao nne na kitasa, na jirani kuna karakana ya baiskeli ambayo haijui tofauti ya wimbo na kelele.

Komeo alikuwa amefika kabla yangu. Alikaa kiti cha mwisho, kofia mkononi, anapapasa mguu wa kiti kwa kidole gumba. Alikuwa anakagua maungio yake ya zamani.

Sikuwa nimekaa karibu naye tangu siku ya kura. Nikaenda, nikaweka kikapu chini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Mwanao hajambo?"

"Hajambo. Ana mtoto sasa."

"Nimesikia. Mungu amkuze."

Hakuna kejeli ndani yake, nilitafuta sikuiona. Mwenyekiti na Mwalimu wa kwaya walikuwa jukwaani wanavutana na waya. Nikaona nimpe habari njema, ndivyo nilivyoiita moyoni mwangu, habari njema.

"Kaka, usiwe na wasiwasi," nikanong'ona. "Kulikuwa na kanda ya siku ile. Nimeichoma."

Kidole chake kikasimama.

"Umechoma nini?"

"Kanda. Ilikuwa na sauti yangu. Sasa hakuna tena. Wewe kubali msamaha, na mimi nitakufutia ile sentensi kwenye historia, yaishe."

Jirani waligonga rimu ya baiskeli, wakagonga tena.

"Mimi nilikuwa naisubiri hiyo kanda," akasema.

"Ulijua ipo?"

"Fundi alinifuata wiki ile ile. Alitaka kuipeleka kwenye kamati asubuhi yake. Nikamwambia mwache, ana mimba. Andika juu yake isipigwe mpaka mwenyewe aseme, kwa sababu mimi namjua, atasema." Akageuza kofia mkononi. "Kila mwaka fundi ananiuliza, kasema? Namwambia bado. Akafa. Nikabaki naijua mimi peke yangu. Nikawa najiambia, hata nife, kanda ipo, siku moja watoto wangu wataisikia na watajua baba yao hakuwa muuaji."

Nilitaka kumshika mkono. Mkono wangu haukuondoka mahali ulipokuwa.

"Haya, mkwe," Mwenyekiti akaita kutoka jukwaani. "Lete kanda zetu tuzionje."

Nikapanda na kikapu. Mwenyekiti wetu ni mwanamke mrefu, muuguzi mstaafu, mkono wake umezoea kutafuta mapigo ya moyo hata anapokusalimia. Akahesabu makopo kwa kidole.

"Moja halipo."

"La mwaka wa kumi na tisa," nikasema. "Limeliwa na ukungu, mkwe. Mjane wa watu hana la kufanya. Nimeona nisikuumize, nikalitupa."

Alinitazama. Nikasubiri macho yale yanipime mapigo.

"Umefanya vizuri," akasema. "Wala sikulitegemea."

Pumzi ilinishuka mpaka miguuni. Nawaambia ukweli, kwa muda wa kufumba na kufumbua nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na yangu ilibaki hatua moja.

Mwenyekiti akafungua mkoba wake. Akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, akakikunjua mara nne. Ndani yake kulikuwa na kanda.

"Fundi redio alinipa wiki ya maziko," akasema. "Alitoa nakala mbili, hata yeye alikuwa hajaisikiliza. Akaniambia, ukiweza, sikiliza. Sijaweza. Miaka thelathini na moja iko kabatini, katikati ya nguo za marehemu. Nilikuwa naogopa kumsikia akiomba."

Mwalimu wa kwaya akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndiyo maana nimemwita mzee wetu," akaendelea Mwenyekiti, akamwelekea Komeo kule chini. "Njoo, kaka yangu. Karibu. Siwezi kumsamehe mtu kwa jambo ambalo nimekataa kulisikiliza. Nitaisikiliza mara moja, leo, nikiwa na watu wangu. Siku ya maadhimisho nitasema nimesikia na nimesamehe, na itakuwa kweli." Akanigeukia, akanishika kiganja. "Na wewe kaa hapa pembeni yangu, mkwe. Peke yangu sitaweza. Nani mwingine nimshike mkono kama si wewe?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe nilikuwa nimemshonea mimi.

Komeo alikuja mpaka chini ya jukwaa. Aliitazama ile kanda kama mtu anayemwona ndugu aliyeambiwa amefariki.

"Mama Mwenyekiti," akasema, "una hakika?"

"Nina hakika."

"Hata ukisikia usichokitarajia?"

"Kwani kuna nini nisichokijua? Alikuomba, ukakataa. Nataka tu nisikie alivyoomba." Akaingiza mkono mkobani mara ya pili, akatoa ufunguo wenye kamba, ule ule, kamba niliyoisuka mimi. "Shika. Nimeutoa ukutani asubuhi. Sitaki tena kulala nao nyumba moja. Nakurudishia."

Komeo aliupokea kwa mikono miwili. Jirani walikuwa wanagonga rimu bila huruma.

"Hao watatuharibia," Mwalimu akalalamika. "Wimbo wa siku ile ni dakika ishirini na mbili, na sehemu kubwa ni sauti ya chini. Afadhali mlango ufungwe."

"Tulishafuta kufunga," nikasema haraka. "Mkwe, ni sheria yako mwenyewe."

"Leo tu," akasema Mwenyekiti. "Leo nataka iwe kama ilivyokuwa. Funga, kaka."

Komeo alienda mlangoni polepole. Akausukuma, akaweka ufunguo kwenye tundu, kisha akageuka, akaniita kwa sauti ya kawaida iliyojaa ukumbi mzima.

"Dada. Kuna kitu ungependa kusema kabla sijafunga?"

Watu wote wakanitazama. Hata sasa ninapoandika naiona ile nafasi aliyonipa, pana kama mlango wenyewe. Ningesema maneno mawili tu. Ni mimi. Mtoto wangu ana miaka thelathini na ushei, ana ndevu, ameacha kunyonya zamani.

"Hapana," nikasema. "Sina."

Ufunguo ukazunguka. Komeo akaivaa kamba shingoni, akasimama akiupa mlango mgongo, mikono nyuma, kama alivyofundisha mabawabu wote wa chama hiki, mimi nikiwa mmoja wao.

Mwenyekiti hakubonyeza. Aliusukuma mkono wangu mbele.

"Bonyeza wewe, mkwe. Mimi sijaweza miaka yote hii."

Nikabonyeza.

Mvumo kwanza. Kisha viti, viti mia mbili vipya vinalia sakafuni. Mtu akakohoa. Kitasa kikalia, karibu sana, karibu kuliko kwaya yenyewe, na hapo Mwenyekiti akavuta pumzi kwa sababu alitambua ni mlango unafungwa. Kwaya ikaanza, mbali, chini chini. Aliyekuwa karibu na kinasa sauti alivuta kigoda, akakaa, akaguna kama anavyoguna mwanamke mwenye mzigo tumboni.

"Huyo ni nani?" Mwalimu akauliza.

"Shh," akasema Mwenyekiti.

Dakika zilipita, sijui ngapi. Nilikuwa naujua kila ubeti. Nilijua ni kwenye ubeti upi atakuja. Kiganja changu kilikuwa kimelowa ndani ya kiganja chake, na kidole chake cha katikati kilikuwa juu ya mshipa wangu, kwa mazoea ya kazi, na nikamwona anageuza uso taratibu kunitazama.

"Mkwe, moyo wako una nini?"

Pete za pazia zikasikika zikisukumwa kwenye fimbo yake. Kikohozi. Kifupi, kikavu, mara mbili.

"Ndiye," akasema Mwenyekiti. "Ndiye mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa akikohoa."

Nikachomoa mkono. Nikashuka jukwaani, sikumbuki ngazi, nikapita katikati ya viti vile mpaka mlangoni. Kifua kilikuwa kimenibana kweli, sikuigiza, hewa ilikuwa haipiti.

"Kaka," nikamwambia Komeo. "Nifungulie. Nataka hewa."

Alinitazama usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho yaliyochoka ya mtu aliyesimama zamu moja kwa miaka thelathini na moja bila mwenzake kuja kumpokea.

"Wimbo uishe kwanza, dada," akasema.

Na nyuma yangu, kutoka kwenye vipaza sauti viwili vikubwa, sauti ya msichana ikasema maneno yale yale niliyotoka kuyasema mimi, "Dada, nifungulie, nataka hewa." Mwalimu akauliza kwa nini anamwita Komeo dada. Mwenyekiti akainua mkono wote tunyamaze, apate kusikia bawabu anamjibu nini mdogo wake.